Nimkatalie mume wangu kutia nanga Isla Isabel? Wazoefu wa bahari naomba ushauri

BintiPangani:
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Uzi wangu mrefu kidogo mnivumilie.

Mimi na mume wangu (mzungu wa Oregon, mstaafu) tuko kwenye boti ya tanga ya futi 34, tulitoka San Diego mwezi wa 11 tukashuka pwani ya Baja huku Mexico, tukavuka, sasa hivi tuko Mazatlán kwenye marina (bandari ya boti ndogo) tunalipa hela za kufa mtu. Plan ni kwenda La Cruz kule Banderas Bay tupumzike mpaka mwezi wa 3. Sasa mzee wangu kakomaa lazima tupite kisiwa kinaitwa Isla Isabel tulale siku mbili. Ni kakisiwa kadogo, kilomita mraba mbili hazifiki, mlima wa volkano uliotoka baharini, hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna maji ya kunywa, ni ndege tu na iguana na kambi ya wavuvi.

Ndege sina shida nao. Shida yangu ni nanga. Huko Baja tulitia nanga karibu na mawe, asubuhi kung'oa ikagoma, ilikuwa imejichomeka chini ya jiwe, tukahangaika masaa mawili, boti inazunguka, winchi inalia, mi niko omo (mbele ya boti) na gloves nashika mnyororo na huku natapika, ye yuko kwenye usukani ananipigia kelele kama mi ndo nimeliweka lile jiwe. Tangu siku hiyo nikisikia tu neno nanga tumbo linauma. Na hiki kisiwa kila nikisoma, watu wanasema chini ni mawe matupu na wengine wameacha nanga zao huko huko. Yani kuna kakaburi ka nanga.

Baba yangu alikuwa mvuvi Pangani ila mi baharini niliishia kuoga tu. Nimkatalie twende moja kwa moja La Cruz, au naogopa bure? Matusi hapana jamani.

Mjomba_wa_Mbagala:
Dada, mzungu anakupeleka kwenye kisiwa kisichokuwa na watu, hakuna duka, hakuna mtandao, na umeshamwambia ndugu zako password ya benki? Nauliza tu mi nimeangalia sinema nyingi.

BintiPangani:
😂😂 Kaka tumeoana miaka 11 na hela zote ziko kwenye boti, akiniua atarithi bili ya marina.

NahodhaMstaafu:
Mwanangu, salaam. Nimefanya kazi meli za mizigo miaka mingi na kabla ya hapo nilikuwa kwenye majahazi ya marehemu babu, Tanga na Pemba. Hicho kisiwa sijafika, nisikudanganye. Ila mawe ni mawe, ya Mexico na ya Pemba yanashika nanga vile vile.

Baba yako kama alikuwa mvuvi wa Pangani basi hiki kitu alikijua. Kinaitwa chelezo. Unachukua kamba nyembamba ngumu, unaifunga kwenye kichwa cha nanga, pale makombe (mikono ya nanga inayochimba chini) yanapokutana, sio kwenye pete ambako mnyororo umefungwa. Ncha ya pili unafunga dumu tupu la lita 5 na kifuniko ukikaze. Nanga ikizama dumu linaelea juu yake. Asubuhi ikigoma, hushindani nayo kwa mnyororo, kwa sababu ukivuta kwa mnyororo ndo unazidi kuiingiza chini ya jiwe. Unalegeza mnyororo, unafata dumu, unavuta ile kamba. Nanga inatoka kinyumenyume njia ile ile iliyoingilia, kama unavyotoa ndoano kwenye mdomo wa samaki.

Urefu wa kamba uwe kina cha maji, ongeza na maji kujaa, na kidogo tu juu ya hapo. Ukiifanya ndefu sana itatambaa juu ya maji mpaka ikaingie kwenye propela yako mwenyewe, hapo utakuja kufungua uzi mwingine.

KasaWaMafia:
Mzee Nahodha nakuheshimu sana ila chelezo na mimi tuligombana. Usiku upepo ulizima, boti ikazunguka ikakaa juu ya dumu, dumu likaingia kati ya usukani na propela, alfajiri boti ikang'oa nanga ikaanza kuondoka wenyewe hatuna habari, tukashtukia tuko karibu na mwamba. Mi naonaga bora kuzamia uangalie nanga imekaa wapi. Maji kama masafi unaona kila kitu.

NahodhaMstaafu:
KasaWaMafia uko sahihi kabisa, hiyo hutokea. Dawa yake ni mbili. Moja, dumu lisielee juu, lifunge lizame pima moja (karibu mita mbili) chini ya uso wa maji, propela za watu zinapita juu, na asubuhi unalivua kwa upondo wenye kulabu. Mbili, hiyo yako: zamia. Afanye vyote viwili, bahari haina hasira na mtu mwoga.

DadaWaNayarit:
Jamani mniite mapema kwenye nyuzi kama hizi!! Mi niko Tepic, jimbo la Nayarit huku Mexico, mwaka wa 7 nimeolewa huku, na Isabel nimeenda mara 2 na panga kutoka San Blas.

(Kabla hamjaanza: panga huku ni boti ya faiba ya wavuvi, ndefu ina injini nyuma. Siku ya kwanza mama mkwe kaniambia kesho asubuhi panga linakuja kutuchukua, nililala nimefunga mlango kwa komeo.)

Shoga ENDA. Mwezi wa 1 mpaka wa 3 ndo wenyewe, ndege wanataga. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1980, na 2005 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na visiwa vingine vya Ghuba ya California. Kwaiyo kuna ada ya hifadhi, msilete mbwa wala paka, msivue humo, na tafadhali kagueni boti kama ina panya. Sio utani. Zamani paka na panya waliingia na kambi za watu wakala mayai na vifaranga balaa, ikabidi wawamalize paka wote kwanza, na panya ndo wakaja kuisha 2009. Panya mmoja mwenye mimba akishuka kutoka kwenye boti yenu kazi yote hiyo imekwisha.

Halafu fishing license, kama mna ndoano kwenye boti kila mtu aliyemo awe nayo, hata wewe unayetapika tu.

Sehemu za kutia nanga ni mbili. Ghuba ya kusini, mbele ya kambi ya wavuvi, ndogo, mawe pembeni, inakinga kaskazi. Na upande wa mashariki, kuna mawe mawili marefu yamesimama baharini wanaita Las Monas, boti nyingi za matanga zinakaa hapo. Kuna mabaka ya mchanga katikati ya mawe, rangi inaonekana, mchanga unang'aa kijani cheupe, mawe meusi. Mfike jua likiwa juu muone. Usiku msijaribu.

BintiPangani:
Dada wa Nayarit nakupenda bure. Kutoka hapa ni kama maili 85 za baharini, sisi tunatembea 5 kwa saa, ina maana usiku kucha njiani?

DadaWaNayarit:
Ndio, ondokeni saa 9 alasiri mfike saa 2 asubuhi. Usiku angalieni kamba za wavuvi, wanatandaza ndoano maili na maili, zinashikiliwa na madumu na vibendera vyeusi, usiku huvioni. Ukishtukia umevikanyaga, injini nyutro HAPO HAPO. Wavuvi wakikukuta wanakuongoza kuzunguka, hawana ubaya.

Na muangalie hali ya hewa, wanaita norte. Upepo wa kaskazini unashuka kwenye ghuba siku mbili tatu bila kupumzika. Ukitabiriwa bakini marina mkalipe hela zenu kwa amani.

Mjomba_wa_Mbagala:
Yani panya mjamzito anapigwa marufuku na serikali. Mexico nimewavulia kofia.

Zuhura_K:
Naomba kuuliza nje ya mada, pasi ya Tanzania inaingia Mexico bila viza? Ama ulibadilisha uraia?

BintiPangani:
Sijabadilisha. Pasi yetu inahitaji viza ila kama una grini kadi ya Marekani, au viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japan au Schengen wanakugongea bila viza yao. Boti nayo ina kibali chake cha kuingizwa kwa muda, kinakaa miaka 10, boti ina bahati kuliko mimi mwenye siku 180.

BintiPangani:
MREJESHO

Wakuu tumeenda. Niko La Cruz, kuna intaneti, nimeoga maji baridi yasiyo na chumvi, ngoja niwape.

Tulisubiri norte ipite siku 4 ndo tukatoka. Usiku ulikuwa mzuri, kamba ya wavuvi tuliona moja tu na tuliiona kwa sababu mvuvi mwenyewe alikuwa anamulika tochi kama anafukuza ng'ombe. Asubuhi kisiwa kikatokea, na kabla sijakiona nilikinusa. Mavi ya ndege. Fikiria banda la kuku la ekari zote unazoziona mbele yako, limemwagiwa maji ya bahari. Baada ya nusu saa pua inazoea, au inakufa, sijui.

Las Monas kulikuwa na boti 2 tu. Mzee wangu alisimama nyuma, mi omo, nimevaa miwani ya kukata mwanga, nikaona baka la kijani saizi ya uwanja wa netiboli. Nikapiga kelele HAPO. Nanga ikashuka kama mita 8, na dumu la mafuta ya kupikia nimelifunga mwenyewe kama mzee Nahodha alivyosema, pima moja chini. Mume wangu alikuwa ananiangalia kama nafunga hirizi. Halafu akazamia. Akatoka akaniambia nanga imelala mchangani, ila mnyororo umepita kati ya mawe mawili. Nikamwambia poa, wewe lala na mnyororo wako mi nalala na dumu langu.

Ndege sasa. Wale weusi wakubwa wenyeji wanawaita fragata, wengine tijereta, yani kamkasi, kwa sababu ya mkia. Dume ana mfuko mwekundu shingoni, anaujaza upepo mpaka unakuwa puto, kichwa kinazama nyuma yake, halafu anatetema na kugonga mdomo juu ya puto kama mtu anapiga ngoma ya mwanae. Viota viko kwenye vimiti vifupi usawa wa kifua changu. Nilipita hatua mbili kutoka kwa kifaranga, mweupe wote kama pamba ya godoro, akanitazama tu, mi ndo nikasema samahani.

Na wale wenye miguu ya bluu. Wahispania wamewaita bobo, yani bwege, kwa sababu hawamkimbii mtu. Wanakaa chini katikati ya njia na wewe ndo unazunguka. Dume ananyanyua mguu mmoja, anauonesha, anaushusha, anaonesha wa pili, jike anakagua rangi. Kuna watafiti wa chuo kikuu cha UNAM wamewafuatilia kisiwani hapo tangu miaka ya 80. Niliona kiota kina vifaranga wawili, mkubwa anamdonoa mdogo kichwani, mdogo kajikunja mdomo chini, mama yao kasimama pembeni anaangalia bahari. Nikashangaa kumbe ndo kawaida yao, samaki wakipungua mkubwa anammaliza mdogo na mzazi haingilii. Nimekumbuka kwetu tulivyokuwa tunagombania kichwa cha samaki, namshukuru Mungu mama alikuwa na mwiko.

Jioni panga likaja (Mjomba tulia, la faiba) na wavuvi wawili, wakatupa samaki mwekundu wanamwita pargo, kwetu ningemwita kungu. Sina cha kuwapa, nilikuwa nakaanga chapati, nikawapa sita za moto kwenye kitambaa. Mmoja akaikunjua akaiangalia juani, akauliza hii tortilla mbona ina matabaka? Kihispania changu kikaishia hapo, nikaonesha kwa mikono namna ya kukunja na mafuta. Kesho yake wamerudi na kitambaa kimefuliwa.

Sasa nanga. Siku ya tatu asubuhi kung'oa. Mnyororo ukaja ukaja, tak. Ukasimama. Mawe mawili yale yale. Mume wangu akaweka gia aanze kuvuta kwa injini, nikamwambia ZIMA. Nikalegeza mnyororo mpaka ukalala, nikachukua upondo, nikalivua dumu, nikaanza kuvuta kamba kwa mikono. Mara ya kwanza hakuna. Ya pili nikasikia kwenye viganja kitu kimegeuka huko chini, polepole, kama mtu mzima anajigeuza kitandani. Halafu uzito ukawa uzito tu, unapanda. Alikuja kunisaidia hatua za mwisho na hakusema neno. Dakika kumi zote hazikufika.

Dumu bado lipo, nimelifunga pale omo. Sasa ndo yeye anauliza kila tukisimama, "where's the chelezo?", na analitamka chelesso kama jibini ya kiitaliano.

NahodhaMstaafu:
Alhamdulillah. Iangalie kamba hiyo, jua la huko litaikausha, ikianza kutoa nyuzi ibadilishe.

DadaWaNayarit:
Mkirudi kaskazini piteni San Blas nije niwapokee, ila mje na dawa ya usubi, jioni wanakula mtu mzima mzima.

KasaWaMafia:
Safi sana dada. Na hiyo ya kuzima injini kabla ya kuvuta ndo imewaokoa.

Mjomba_wa_Mbagala:
Uzi mzuri ila picha ziko wapi? Miguu ya bluu tunaiamini vipi?

BintiPangani:
Mjomba nilipiga picha 200. Simu niliishika juu nimrekodi fragata anapita, naye akapita kweli, akanyea skrini, mi nikaenda kuisafisha kwenye maji ya bahari.