AC ya kwenye dari inatema vumbi, fundi anataka laki nane aoshe dakti. Nimpe au napigwa?

MpangajiIpuli (mleta uzi)
Wakuu habari za jumapili. Nipo Tabora mjini huku Ipuli, nyumba nimepanga tangu mwezi wa nne. Mwenye nyumba aliijenga enzi hela zipo, akafunga AC ya kati, yani mashine moja imejificha juu ya dari koridoni halafu yanatoka mabomba manene ya hewa, wanaita dakti, yanaenda kila chumba na kutokea kwenye vitundu vya mraba juu. Ina mpaka ya kupasha joto, sijui alidhani anajenga Makete. Sasa tangu mvua zikate nikiwasha usiku asubuhi meza ya kitandani unaweza kuandika jina lako kwenye vumbi, lile jekundu la barabarani, na chumba kinanuka kama shuka iliyokunjwa haijakauka. Mtoto wa pili anapiga chafya usiku kucha na luku inakwenda kasi siielewi. Nikaita fundi, akasimama koridoni akaangalia juu, akasema dakti zimejaa, anataka laki nane amwage klorini kupitia vitundu halafu apulize na mashine ya kuoshea gari. Hiyo kwangu ni kodi ya miezi miwili. Nimpe?

Kokoto_Kavu
Hakupanda hata ngazi? Unapigwa mkuu.

BabuWaMwembeni
Tabora AC ni kutoa mkeka chini ya mwembe. Haya endeleeni vijana.

FundiBaridi_KG
Mkuu mi nipo Kigoma huku Mwanga, kazi za mafriji na AC nafanya mwaka wa 11 sasa, za dakti sio nyingi ila nimezishika mahotelini. Kabla ya laki nane nijibu kitu kimoja, hilo tundu kubwa la kunyonyea hewa lililopo koridoni, ukifungua mfuniko wake kuna filta, umeiosha lini? Maana hiyo mashine haitengenezi hewa, inanyonya ile ile ya humo ndani inaipitisha kwenye koili ya baridi inairudisha vyumbani, sasa filta ikiziba mashine inahangaika kuvuta, hewa inapita kidogo, koili inaweza kuganda barafu na umeme ndo unaliwa hapo. Na klorini usikubali kabisa, koili ina mapezi, yani vibati vyembamba vya aluminiamu, itayala, halafu ule moshi wake utapulizwa vyumba vyote na mtoto wako ndo huyo ana chafya. Mashine ya gari nayo inalaza yale mapezi yote chali.

MpangajiIpuli
Kumbe kuna filta 😅 Nimefungua sasa hivi na bisibisi. Nilidhani wameweka sponji makusudi, nikagusa kikanibaki mkononi, ni vumbi limeshikamana nene kama sufi ya mto, nyuma yake ndo kuna wavu. Miezi minne nalala na hiyo kitu.

FundiBaridi_KG
Haya. Zima breka kwanza sio rimoti, breka. Wavu uoshe na maji ya sabuni ya vyombo, anika kivulini, usirudishe ukiwa mbichi. Kiangazi cha huko Tabora na barabara ya vumbi kila wiki mbili uufungue, masika unaweza kwenda mwezi. Harufu ni trei chini ya koili, maji yanayodondoka yanatakiwa yatoke nje kwa kabomba kembamba, kakiziba maji yanalala pale yanaota ukungu. Mwaga kikombe cha maji kwenye trei halafu mtu asimame nje kwenye kale kabomba, yasipotoka chukua pampu ya baiskeli upulize. Koili brashi laini, fuata mapezi yanavyoelekea usikate katikati.

Neema_wa_Kidongo
Mi sikubaliani, dakti lazima zioshwe bana, kwa dada yangu Dar walikuja na mashine ya kunyonya wakatoa uchafu ndoo mbili.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu Neema, ndoo mbili zilitoka sawa, lakini je alikuwa anaumwa akapona? EPA, ile taasisi ya mazingira ya Marekani ambako nyumba nyingi zina hizo dakti, wanawaambia raia wao kuwa haijathibitika kuosha dakti kunazuia ugonjwa, wao wanasema osha ukiona ukungu mwingi ndani, au panya na wadudu wameingia, au vumbi limeziba hadi linamwagikia vyumbani. Na wewe baba mtoto chafya za usiku kucha usizitibu kwa fundi AC, mpeleke akaonwe.

FundiBaridi_KG
Shikamoo mama, umemaliza. Sasa mkuu vumbi jekundu kupita filta linanipa wasiwasi, panda darini uangalie dakti laini, ile inayopindika, ya kunyonyea kati ya lile tundu na mashine. Ikichanika pale inavuta vumbi la darini moja kwa moja bila kupita filta. Vaa mikono mirefu na barakoa, ile sufi ya kioo iliyofunikia dakti inawasha. Ukikuta mavi ya popo usifagie makavu, nyunyizia maji kwanza. Na kanyaga mbao, ukikanyaga jipsamu utatokea sebuleni.

MpangajiIpuli
Mrejesho wakuu. Nimepanda jana na tochi ya simu, mke kashika ngazi. Popo hakuna. Dakti ya kunyonyea imetafunwa ubavuni, tundu linaingia ngumi, ndani kuna manyoya, vipande vya gunia na kokwa la embe kavu kabisa, kwa hiyo bwana panya yupo tangu msimu wa maembe analala kwenye kiyoyozi mi nalipa luku. Kabomba ka maji nako kalikuwa kameziba, kamepulizwa na pampu kakatema tope jeusi, harufu imepungua leo leo. Mtoto kaonwa, wamesema ni mzio tumepewa dawa. Nikaziba lile tundu na tepu ya nguo.

FundiBaridi_KG
Hapana toa hiyo tepu, joto la darini litaikausha mwezi hauishi. Na hapo panya kalala na kukojoa, kile kipande hakioshwi, kata tupa weka kipya, funga na klipu zake na tepu ya aluminiamu. Zile zingine zinazoenda vyumbani fungua vitundu umulike, kama ni vumbi jepesi brashi na vakyumu inatosha. Fundi wa huko akikuambia zaidi ya hapo mwambie apande kwanza.

MpangajiIpuli
Nimeongea na mwenye nyumba, kakubali nikate kwenye kodi ila nimpelekee risiti na picha, hilo kokwa nimempiga picha pia. Kipande nimeagiza Mwanza kinakuja na basi. Kwa sasa AC imezimwa tunalala madirisha wazi, na panya usiku namsikia anapita pita juu anatafuta kitanda chake. Kuna mwenye paka huku Ipuli wa kuazima wiki moja?

BabuWaMwembeni
Ninaye. Ila huyu wangu anapenda kulala chini ya mwembe.