Usukani unatetemeka nikishika breki, na diski ni mpya

Muulizaji, Ipogolo, Iringa
Wakuu, naomba msaada. Nina Premio. Mwezi wa sita nilishuka mlima Kitonga nyuma ya semi iliyojaa mzigo, mguu haukutoka kwenye breki mpaka chini. Ruaha Mbuyuni niliposimama kununua vitunguu, magurudumu ya mbele yakawa yananuka kuungua. Toka siku ile, nikikanyaga breki kwenye spidi 80 au 90 usukani unatetemeka mikononi. Fundi akasema diski zimepinda, nikanunua mpya mbili na pedi zake. Gari likatulia kabisa. Sasa nimetembea kama kilomita 4,000 na mtetemo umerudi vilevile. Kila mwezi nampeleka mama kliniki Morogoro, mlima ule siukwepi, na naogopa.

Dereva, Mafinga
Pole sana kaka. Anza na kubalansi matairi, ni kazi ya nusu saa.

Fundi, Uyole, Mbeya
Kwa heshima, mkuu wa Mafinga, balansi ingetetemesha hata asipogusa breki. Huyu anatetemeka akikanyaga tu, na ni mikononi, kwa hiyo ni mbele. Ingekuwa nyuma angeisikia zaidi kwenye kiti.

Ndugu yangu, hiyo kutulia kwanza halafu kurudi ndiyo inayonipa jibu. Hizo diski nahisi zilifungwa juu ya habu yenye kutu, yaani kile kitovu cha gurudumu ambacho diski inakalia. Gamba dogo tu likibaki pale, diski inakaa upande. Tunapima kuyumba kwake kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale) karibu na ukingo wa diski, na mimi kukizidi milimita 0.05 sifungi tairi. Ukiiacha hivyo, kila mzunguko pedi inagusa sehemu ileile hata kama hujakanyaga. Inaila polepole, baada ya maelfu ya kilomita diski ina unene usiolingana. Mtetemo wako ni huo.

Fungua, sugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Diski zichongwe pande zote mbili, lakini kwanza soma unene wa mwisho uliogongwa kwenye diski yenyewe. Zikishuka chini ya hapo, tupa. Vuta pini za kalipa (kile kibano kinachobana pedi kwenye diski), zikigoma zisafishe na upake grisi ya breki. Nati za tairi kaza kwa kuvukana, moja kisha ya upande wa pili, kwa spana ya kupimia nguvu, Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm. Usikubali mtu akaze kwa kurukia spana.

Na Kitonga shusha gia kabla mteremko haujaanza. Breki zikishapata moto usisimame umezikanyaga, pedi inaacha alama kwenye diski.

Muulizaji, Ipogolo, Iringa
Narudi na majibu, mzee wangu. Habu ya kushoto ilikuwa na kutu nene kama ganda la mkate, na pini moja ya kalipa ilitolewa kwa nyundo. Diski zimechongwa, unene bado upo. Jumamosi nimeshuka Kitonga na gia ndogo, mama amelala kiti cha nyuma. Hakuamka.