Naomba ushauri: pawabenki na laptopu, Dar hadi Guangzhou kupitia Dubai

Habari wakuu. Mwezi ujao nafuata mzigo Guangzhou kwa Emirates, halafu napanda ndege ya ndani kwenda Yiwu. Nina laptopu mbili na pawabenki ya mAh 30,000.

Najua pawabenki haikai kwenye begi kubwa, lazima uingie nayo ndani. Shida ni ukubwa: 30,000 kwa volti 3.7 ni kama Wh 111 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), na Emirates tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu, chini ya Wh 100, tena marufuku kuitumia angani. Basi hiyo inabaki nyumbani. Ya 20,000 (Wh 74) ingefaa, ila tangu Juni 2025 ndege za ndani za China hazitaki isiyo na alama ya 3C (muhuri wa usalama wa China), na hizi za Kariakoo mwenzenu naziogopa, mihuri yenyewe ya kubandika.

Waliopita huko karibuni: 3C halisi naipata wapi Dar, au nikanunue Guangzhou? Na laptopu ya pili, niizime kabisa niiweke begi kubwa, au kilo 7 za mkononi hawazikazii sana? Ile marufuku ya Marekani ya 2017 ya kuingia na laptopu ndani ya ndege iliisha mwaka uleule, msinitishe nayo.