Paka amechomoa sindano kwenye shali ya lesi: naokoaje bila kufumua yote?

Dereva Mstaafu, Kapchorwa

Habari zenu wafumaji. Nimekuwa nikisoma humu kimyakimya tangu mvua zianze. Leo yamenifika, imebidi niandike.

Niseme kwanza mimi ni mwanamume wa miaka 63, ili hilo tulimalize mapema. Nimeendesha lori Mombasa na Kampala miaka 27. Kufuma nilijifunzia Malaba. Wanaoikumbuka foleni ya mpakani miaka ile ya 2000 watanielewa: gari limesimama siku tatu, siku nne, karatasi ziko ofisini, na wewe huwezi kuliacha gari likachunwa turubai. Wenzangu walicheza karata, wengine walikunywa. Mimi nilikuwa nakaa kwa mama mmoja muuza chai aliyefuma soksi kwa spoku za baiskeli, siku moja nikamwambia mama, nifundishe. Soksi yangu ya kwanza ingemtosha ndovu. Spoku nilizotengeneza wakati ule ninazo hadi leo. Nilikata kichwa na upande wa nati, nikachonga ncha kwenye jiwe, nikapiga msasa, nikapaka nta ya mshumaa. Unene milimita mbili. Kwa soksi sijaona sindano ya dukani inayozishinda.

Sasa niko nyumbani, na Kapchorwa baridi si ya mchezo. Binti yetu Chebet yuko Mbale, anatarajia kujifungua mwisho wa mwezi, na mtoto ataletwa huku kwetu kuonyeshwa wazee. Nikasema mjukuu huyu hafunikwi blanketi la dukani tu.

Uzi niliupata kwenye mivumba, yaani mitumba, siku ya soko. Sweta ya kike, rangi ya maziwa, sufu tupu, shilingi 7,000. Kabla sijatoa pesa niliigeuza ndani nikaangalia mishono ya ubavuni. Kama kitambaa kimekatwa kikapigwa overloki, achana nayo, maana ukifumua kila mstari unaishia ukingoni na unabaki na vipande vya urefu wa kifua. Hii iliunganishwa kwa mkufu, ukiipata ncha yenyewe inaachia kama zipu. Nikafumua, nikauzungushia uzi mgongo wa kiti, nikauosha, nikauning'iniza na chupa ya maji chini yake mpaka ukaacha kujikunja kama tambi. Kazi ya siku mbili hiyo, na Mama Chebet akiuliza viti vingine vya kukalia wageni viko wapi.

Sasa maafa. Tuna paka wawili. Mkubwa ni Forodha, kwa sababu hakuna mukene, yaani dagaa, unaoingia nyumba hii bila yeye kukata sehemu yake. Mwanawe ni Tanboi, yaani utingo wa lori. Ananifuata kila niendako, na kama tanboi wengine niliowahi kuwa nao, anaharibu huku anajifanya anasaidia.

Jana saa mbili usiku umeme ulikatika. Shali nikaiacha kwenye kochi, nikaenda kutafuta tochi. Kurudi, namulika: Tanboi kalala chali, sindano iko chini ya meza, uzi umezunguka miguu ya meza mpaka mlangoni, na vitanzi kama 40 viko hewani. Vingine vimeporomoka mistari mitano hivi. Kipande cha uzi kama shubiri moja amekitafuna, sijakiona tena. Mama Chebet badala ya kunipa pole akasema, "Baba Chebet, kwenye lori si ulikuwa na breki?"

Mtindo ni ule wa mawimbi. Vitanzi 18 kwa wimbi moja: unafuma viwili pamoja mara tatu, halafu unazungusha uzi na kufuma kimoja mara sita, halafu viwili pamoja tena mara tatu. Nina marudio saba na vitanzi vinne kila ukingo, jumla 134. Nilikuwa nimepanda mawimbi 23. Kwenye soksi kitanzi kikianguka nakirudisha kwa kulabu hata nikiwa nimefumba macho, lakini hapa penye matundu sijui kipi ni kitanzi na kipi ni uzi uliozungushwa. Nikishika kimoja, cha pili kinakimbia. Kwa sasa nimeifunikia beseni. Nifanyeje?

Na swali dogo. Kijana wangu wa mwisho anavaa soksi zangu ndani ya gambuti kwenda kwenye kahawa. Kisigino hakimalizi mwezi. Uzi ni wa sweta hizihizi za sufu. Nakosea wapi?

---

Hajati wa Bombo

Pole sana Baba Chebet. Beseni usiliondoe mpaka umalize kusoma.

Nilifundisha sayansikimu miaka mingi, na wasichana waliolia mbele yangu kwa sababu ya mtindo huohuo siwahesabu. Ni wa visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, ambako walifuma shali nyembamba hata ikapita ndani ya pete ya harusi. Wanawake wale walifuma kwa mwanga wa taa ya mafuta, na sidhani kama hawakuwa na paka.

Kosa lako si Tanboi. Kosa lako ni kupanda mawimbi 23 bila uzi wa akiba, yaani uzi unaopitishwa ndani ya vitanzi vya mstari mzima ili kazi ikifumuka isimame hapo. Basi, yameshapita.

Usivute chochote. Tandaza shali juu ya meza, mchana, kwenye mwanga. Kila kitanzi kinachoning'inia kishike kwa pini ya nepi ili kisizidi kushuka. Sasa acha kutazama palipoharibika, tazama chini yake. Katika mtindo wako mstari wa matundu ni mmoja kati ya minne, mitatu iliyobaki ni mitupu. Tafuta mstari mtupu ulio chini ya kitanzi kilichoporomoka zaidi. Umesema mitano, kwa hiyo shuka mawimbi mawili uwe na uhakika. Chagua ule unaofuata mara tu baada ya matundu, kwa sababu hapo kila uzi uliozungushwa umeshafumwa ukawa kitanzi kamili chenye miguu miwili. Ukijaribu kwenye mstari wa matundu wenyewe, utakamata hewa.

Chukua sindano ya kushonea isiyo na ncha kali, tia uzi wa pamba wa rangi nyingine kabisa. Usitie sufu, sufu inang'ang'ania. Pitisha chini ya mguu wa kulia wa kila kitanzi, kimoja kimoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Hesabu: vinne, halafu 18, 18, 18 mpaka saba, halafu vinne. Kama haifiki 134, usifumue hata kimoja. Rudi utafute aliyepotea.

Ikitimia, chomoa sindano zote na ufumue mpaka kwenye uzi wa pamba. Moyo utadunda, lakini itasimama hapo. Vitanzi vichukue kwa spoku zako, wembamba wake unaingia bila kuvuta, halafu mstari wa kwanza ufume kwa sindano yako ya kawaida. Utapoteza jioni mbili.

Na kuanzia leo, kila mawimbi mawili pitisha uzi wa akiba. Hiyo ndiyo breki aliyoisema mama.

---

Kijana wa Jinja

Mzee wangu shikamoo. Msaada sina, ila hiyo ya breki imenimaliza. Forodha alipwe ushuru wake.

---

Askari wa Lindo, Kabale

Mzee, salamu kutoka kwenye baridi nyingine. Mimi nalinda usiku, mke wangu anafuma soksi za kuuza, na zile za majaribio navaa mimi. Kwa hiyo visigino nimevitoboa kwa niaba ya wateja wengi.

Anasema sufu ya sweta ni laini mno kwa gambuti. Sweta haisuguliwi na kitu, kwa hiyo uzi wake haukusokotwa sana. Uzi wa soksi unaotoka viwandani mara nyingi ni sufu asilimia 75 na nailoni 25, na hiyo nailoni ndiyo inayobeba kisigino. Wewe ukifika kwenye kisigino, shika pamoja na sufu uzi mwembamba wa nailoni, fuma viwili kama kimoja, ukimaliza uuache. Kwenye vidole fanya vilevile.

Halafu usikifume kisigino kitupu. Kwenye upande wa mbele hamisha kitanzi kimoja bila kukifuma, fuma kinachofuata, hivyo hivyo hadi mwisho. Kurudi, fuma vyote. Uzi unapita nyuma ya kile ulichohamisha na kisigino kinakuwa kama kina bitana. Zangu za sasa zina miezi minane na natembea usiku kucha.

Nimuulizie kijana: hizo gambuti zinamtosha kweli? Zangu za kwanza zilikuwa namba kubwa, mguu ulikuwa unapanda na kushuka kila hatua. Hapo hata ngozi ya nyati ingetoboka.

---

Fundi Mifugo, Soroti

Naona wote mko kwenye shali. Mzee, rudi kwenye kile kipande cha shubiri moja. Hakikuonekana tena, sivyo?

Ulimi wa paka una vijiba vigumu vinavyoelekea kooni. Uzi ukishanasa pale hawezi kuutema hata akitaka, anaumeza tu. Ukiwa na bahati utatoka na kinyesi. Usipokuwa na bahati, ncha moja inajifunga chini ya ulimi au inakwama tumboni, nyingine inasafiri kwenye utumbo, na utumbo unajikunja juu ya uzi kama kiuno cha suruali ya kamba. Uzi ukikaza unakata. Hapo ni kupasuliwa, na ukichelewa anakufa.

Mpeleke leo akaangaliwe mdomoni na aguswe tumbo. Usisubiri dalili, lakini uzijue: kutapika, kukataa chakula, kujificha na kukunja mgongo. Ukiona ncha inatokea mdomoni au nyuma, USIVUTE. Nimeona watu wakivuta. Daktari wa mifugo wa wilaya atakushangaa kidogo, amezoea ng'ombe, ila utumbo ni utumbo.

---

Dereva Mstaafu, Kapchorwa

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku tano.

Fundi, ujumbe wako niliusoma saa moja asubuhi, saa mbili niko kwenye boda, Tanboi ndani ya kikapu cha kuku, kifuniko nimekifunga kwa kamba. Alilia njia nzima. Daktari alikuwa anajiandaa kwenda kuchanja ndama. Alimfungua mdomo, akainua ulimi kwa kidole, hakuna uzi. Akamminya tumbo taratibu, akasema laini, nimwangalie siku mbili, akikataa kula nirudi mbio. Hakukataa. Usiku uleule alikula mukene wake na wa mama yake. Siku ya pili Mama Chebet aliniita nyuma ya jikoni, penye majivu, akanionyesha kwa kijiti: uzi wa rangi ya maziwa, mzima. Nilifurahi jinsi ambayo mtu hapaswi kufurahia kitu kama kile.

Hajati, nimefanya ulivyosema. Mara ya kwanza nilipata 133. Nikasikia sauti yako, sikufumua. Aliyepotea alikuwa kwenye wimbi la tano, amejificha nyuma ya mwenzake. Nilipochomoa sindano Mama Chebet alitoka nje, alisema hawezi kutazama. Ilisimama palepale kwenye uzi wa pamba. Sasa nina mawimbi 31 na nimemaliza. Jana niliiloweka, nikaikamua ndani ya taulo, nikaitandaza kwenye godoro la chumba cha Chebet na kuibana kwa pini pande zote. Ilikuwa sentimita 60 kwa upana, imefunguka hadi 84. Mawimbi yote yamejitokeza. Mlango nimeufunga kwa ufunguo, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Forodha amekaa nje ya mlango tangu asubuhi.

Askari, gambuti ni namba 10, kijana anavaa 8. Zilikuwa zangu.

Limebaki moja. Leo baada ya chai Mama Chebet amefungua sanduku akatoa sweta ya kijani niliyomletea kutoka soko la Kongowea mwaka tuliooana. Hajawahi kumwazima mtu. Ameiweka mapajani mwangu akasema, "Hii nayo ifumue, unifanyie ya mawimbi." Halafu akaenda kukamua.

Nimeigeuza ndani. Overloki, pande zote mbili, hadi mikononi.

Bado sijamwambia. Hajati, vipande vya urefu wa kifua vinafaa kufumia nini?