Valvu ya mama inavuja: hiki kibanio cha Ujerumani kitamfaa?

BintiMuheza
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 54. Tangu mwezi wa nne akipanda ngazi tatu tu anahema, usiku analalia mito mitatu, miguu imevimba. Tumempima eko (ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti), daktari akasema valvu ya mitrali, ule mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, inavuja sana na akataja upasuaji wa kufungua kifua. Mama kusikia hivyo akagoma. Sasa kaka yangu aliyeko Düsseldorf katuma video: mpira unapitishwa pajani hadi kwenye moyo, valvu inabanwa na kibanio, kesho yake mgonjwa anatembea. Anataka tuuze kiwanja cha Pongwe tumpeleke mama huko. Mimi nasita. Kuna anayekijua hicho kibanio?

Mbuyu_Mkavu
Uza kiwanja mkuu, mama ni mmoja.

NesiWaZamu
Dada pole, na msiuze kitu bado. Mimi ni nesi hapa Ujerumani, chumba cha katheta (mipira myembamba inayopitishwa kwenye mishipa hadi moyoni) ndiyo kazi yangu, na hivyo vibanio (MitraClip ndiyo ilitangulia, siku hizi ipo na PASCAL) naviona karibu kila wiki. Si kiini macho. Ila video haikuwaambia inabanwa valvu ya nani.

Valvu ya mitrali ina mbawa mbili, kama mlango wa mji mkongwe. Kibanio kinazishika pamoja katikati, damu inapita pembeni kwenye matundu mawili. Wazo ni la mpasuaji wa Milan, Ottavio Alfieri, ambaye miaka ya 1990 alikuwa akishona pale katikati kifua kikiwa wazi. Mwaka 2003 ndipo mtu wa kwanza akawekewa kibanio kupitia mshipa. Ulaya waliruhusu 2008, Marekani 2013.

Majuzi tulikuwa na bibi wa miaka 83. Akapigwa nusu kaputi, akashushiwa kipimo cha eko kooni, daktari akaingia kwenye mshipa wa kinena, akatoboa ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo, akateremkia kwenye valvu. Kwenye skrini uvujaji unaonekana kama moto unaorudi nyuma. Kibanio kikifunga, moto unafifia. Kisipokaa sawa kinafunguliwa, kinajaribiwa tena, maana hakijaachiwa bado. Kwa bibi ilichukua mara tatu. Uvujaji haukuisha kabisa, na mara nyingi hauishi, lakini ulipungua sana. Kesho yake alinigombeza kwa kahawa iliyopoa.

Sasa, valvu ya bibi ilikuwa laini, imelegea kwa uzee, moja ya kamba zinazoshikilia mbawa imekatika. Wapo wengine ambao valvu ni nzima ila moyo umetanuka, mbawa zikashindwa kukutana. Hao ndio walioleta ubishi mwaka 2018. Utafiti wa Ufaransa, MITRA-FR, wagonjwa 304, haukuona faida ya kibanio baada ya mwaka mmoja. Mwaka uleule utafiti mwingine, COAPT, wagonjwa 614 Marekani na Kanada: ndani ya miaka miwili walifariki 29 katika kila 100 waliobanwa, na 46 katika kila 100 waliobaki na dawa peke yake. Kifaa kilekile! Wengi wetu tunaamini tofauti ni wagonjwa. COAPT walichukua wenye uvujaji mkubwa zaidi na moyo usiotanuka kupita kiasi, tena baada ya dawa kufikishwa kikomo.

Kwa hiyo naomba vitu viwili. Mama utotoni aliwahi kuvimba viungo? Na karatasi ya eko inasemaje kuhusu mbawa na ukubwa wa tundu la valvu?

BintiMuheza
Nimempigia mama mdogo. Kumbe akiwa darasa la nne mama alikaa nyumbani miezi miwili, goti linavimba, likipoa linavimba la pili, kisha kiwiko. Wakasema karogwa. Karatasi inasema mbawa nene, ncha zimegandana, tundu sentimita za mraba 1.4, uvujaji mkali.

NesiWaZamu
Nilihofia hilohilo. Hiyo ni homa ya rumatiki, huanza na mafindofindo ya kawaida, kisha kinga ya mwili inazishambulia valvu zake yenyewe. Tundu la mtu mzima ni 4 hadi 6. La mama tayari ni dogo, ukilibana katikati umeziba mlango wenyewe. Hapa kwetu angerudishwa mapokezi, na kiwanja kimeshakwenda.

Atatokea wa kuwaambia habari za puto, linalopitishwa kwenye mshipa na kujazwa ndani ya valvu ili kuipanua. Puto ni la valvu iliyobana bila kuvuja sana. Ikivuja vikali, puto linaweza kuichana zaidi.

Kinachobaki ni kile alichosema daktari wenu, na hakihitaji viza. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanabadilisha valvu. Mkifika ulizeni: ya chuma au ya mnyama? Ya chuma inadumu, lakini ni warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) maisha yote na kupima INR, yaani damu inachukua muda gani kuganda, mara kwa mara. Jueni mapema mtaipimia wapi hapo Tanga, kabla hajalala mezani. Watu husahau hilo.

Mbuyu_Mkavu
Nafuta kauli yangu.

MamaWawili
Mimi nina ya chuma, niliwekewa nikiwa na miaka 29, rumatiki hiyohiyo. Kifua kiliuma wiki za mwanzo, kukohoa ilikuwa adhabu, nilikumbatia mto. Sasa napanda ghorofa ya tatu. Mchicha na kisamvu nakula, ila kiasi kilekile kila wiki, nikizidisha INR inashuka. Usiku kukiwa kimya inasikika tik, tik. Mume wangu wiki ya kwanza aliamka kutafuta saa.

BintiMuheza
Nimemsomea mama yote. Kaka naye kaelewa, atatuma nauli ya Dar. Mama hajasema ndiyo, lakini kauliza kitu kimoja: hiyo tik tik itasikika msikitini?

MamaWawili
Nikisujudu mimi naisikia. Wa pembeni yangu hajawahi kugeuka.