Naomba ushauri: nitajuaje kama mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ kweli yanapunguza majeraha?

Wakuu, salaam kutoka Ujiji. Nafundisha timu ya mpira wa miguu ya vijana 26, uwanja wetu vumbi na vijiwe. Msimu uliopita sita walichanika misuli ya nyuma ya paja. Tumezoea mizunguko na kujinyoosha, ukiumia unawekewa barafu ya wauza samaki. Juzi nikasoma kwamba Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza mambo ya barafu mwaka 1978, mwenyewe alikuja kusema huenda inachelewesha kupona. Nilichoka!

Sasa nataka kuanza FIFA 11+, ile ya dakika 20. Wazo langu ni kuwagawa kwa kura ya bahati nasibu, nusu waifanye, nusu wabaki na ya zamani, niandike daftarini kila jeraha na saa za kucheza. Shida wote wako uwanja mmoja, wataigana tu. Na 13 kwa 13 si wachache mno? Au niombe timu za jirani, kura ipigwe kwa timu nzima?

Halafu jeraha nilihesabu vipi: aliyekosa mazoezi, au hata anayechechemea? (Hawa madogo kwa kusingizia hawajambo.)

Aliyewahi kufanya utafiti wa hivi anielekeze, ligi yetu inaanza karibuni.