Kikundi: Watoto wa Bi Mkubwa, Ngamiani

Kaka Mkubwa, 2:12 usiku
Asalaam aleikum. Shangazi, shikamoo. Leo tarehe 21 Machi nimemkumbuka yule kijana wa Guatemala, José Antonio Gutierrez.

Shangazi, 2:14
Marahaba baba. Ndiyo mtoto wa nani huyo?

Kaka Mkubwa, 2:19
Si wa kwetu. Yatima, kakulia barabarani Guatemala City. Kadandia magari moshi ya mizigo mpaka Marekani. Kufika akajisema bado mtoto, hajafika miaka 18, kumbe keshavuka zamani. Asingesema hivyo wangemrudisha. Akalelewa na watu wa California, akapata grinikadi, ile ruhusa ya kuishi Marekani moja kwa moja, akaingia jeshini, Marines.

Dada Pongwe, 2:20
Grinikadi si ndiyo aliyonayo mdogo wetu?

Kaka Mkubwa, 2:22
Hiyohiyo. Ukiwa nayo wanakuandikisha hata kama si raia. Na 2002 Rais Bush akasaini kwamba askari aliye kazini asisubiri miaka kuomba uraia. Gutierrez akafa Iraki 21/3/2003, karibu na bandari ya Umm Qasr. Vita vina siku ya pili tu. Na risasi yenyewe ya wenzake 😔 Uraia akapewa keshakufa, akazikwa kwao Guatemala.

Shangazi, 2:24
Maiti anapewa uraia?? Apange foleni ya pasi wapi?

Mjomba Chumbageni, 2:27
Wale askari Wahindi wa Mwingereza, vita kuu ya 1914, nao waliletwa na meli kutoka Bombay kupigana na Mjerumani, wakashushwa Ras Kasone. Hawajui hata wanapigania nini. Nyuki wakawamaliza, wako makaburini hapa hapa Tanga.

Shangazi, 2:28
Nyuki walikimbiza tu. Waliowaua ni askari wa Mjerumani, tena weusi wenzetu. Usimsingizie mdudu.

Dada Pongwe, 2:30
Jamani tusizunguke. Mdogo jana kaweka stetasi kavaa fulana ya jeshi, lebo ya bei bado inaning'inia kwapani.

Mdogo Houston, 2:37
Shikamooni. Niko mapumziko ya chakula. Kumbe mnanisema mimi 😅 Haijanunuliwa, kanipa yule anayeandikisha. Anasema watanilipia chuo.

Kaka Mkubwa, 2:38
Gutierrez naye alitaka kusomea uchoraji wa ramani za majengo.

Mjomba Chumbageni, 2:38
🤐

Shangazi, 2:43
Umesaini?

Mdogo Houston, 2:49
Bado shangazi. Kaniita Jumatatu.

Shangazi, 2:51
Mama yako habari ya fulana anayo. Kaja kwangu mbio na kandambili mbili tofauti, moja ya baba yako. Yuko hapa kakaa kwenye mkeka, chai hajaigusa. Mpigie. Simu ya kawaida, wasap hana.

Mdogo Houston, 2:52
Natoka kazini saa tisa mchana, huko itakuwa saa tano usiku. Si atakuwa amelala?

Shangazi, 2:52
Piga.